Proubi ya ultrasaundi ya kuunganisha na simu: nyota tatu kutoka kwa mshika mnyama

Nianze na alama, maana najua wengi mtashuka chini moja kwa moja kuitafuta: nyota tatu kati ya tano. Kwa kazi ya kutafuta maji au damu tumboni ningeipa tano bila kusita. Kwa kazi ya kutaja ugonjwa kwa jina ningeipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu inafutika vizuri na haichukui nafasi. Ukichanganya, tatu zinatosha.

Mimi si daktari. Ni msaidizi katika kliniki ya wanyama wa nyumbani, mbwa na paka kwa wingi, sungura mara mojamoja. Kazi yangu ni kunyoa manyoya, kupaka jeli, kumshika mnyama asiruke mezani, na kuandika anachotamka daktari wakati mikono yake yote ina shughuli. Mshika mnyama ana bahati moja: anaiona skrini na anamwona mnyama pia. Daktari akishaanza kupima, macho yake hayatoki kwenye skrini. Ndiyo maana nimeona tathmini hii niiandike mimi, badala ya kuwaachia wale wanaoorodhesha tu betri inadumu saa ngapi.

Chapa siitaji. Tumetumia mbili, kila moja ina mbwembwe zake, lakini ninayoyalalamikia ni ya ukoo mzima wa vifaa hivi. Tena sehemu kubwa ya lawama inamwangukia mtumiaji kuliko mtengenezaji.

Kwa wasiokijua kifaa chenyewe: ni proubi (kichwa kinachotuma sauti mwilini na kupokea mwangwi wake) inayoenea kiganjani, inaunganishwa na simu au tableti, na picha inaonekana kwenye programu yake. Kichwa ni kimoja, lakini kwenye programu unachagua unataka kiwe nani: tumbo, moyo, mapafu, mishipa. Mashine kubwa ya magurudumu huwa na vichwa kadhaa, na kila kimoja kimeundwa kwa kazi yake. Tofauti hiyo si ya urembo. Sauti ya masafa ya juu, yaani yenye mitetemo mingi kwa sekunde, inachora vitu vidogo kwa ufasaha, lakini inachoka mapema, haifiki mbali ndani ya mwili. Ya masafa ya chini inafika mbali, lakini inachora kwa ukungu. Ukuta wa utumbo wa paka mzima una unene wa milimita mbili, tatu ukizidi, na ndani ya hizo milimita kuna tabaka ambazo daktari anatakiwa azione moja moja. Kichwa kimoja kinachojitahidi kuwa kila kitu huweza kuzichora tabaka hizo zikawa mstari mmoja wa kijivu. Hapo ndipo mtu anaandika "ukuta hauna tabaka", na kukosekana kwa tabaka ni dalili inayomfanya daktari afikirie saratani. Jamani!

Sifa kwanza, kwa haki. Mbwa aliyegongwa na gari akiletwa, hii proubi ni mkombozi. Kuna utaratibu wa dharura unaoitwa AFAST: unaweka proubi sehemu nne za tumbo, karibu na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), kwenye bandama na figo, kwenye kibofu, na upande wa figo ya pili na ini, ukitafuta maji tu. Maji huonekana meusi. Kila sehemu yenye maji inahesabiwa, unapata alama kuanzia 0 hadi 4, na baada ya muda unarudia uone kama inapanda. Manyoya hayanyolewi, yanapanuliwa kwa vidole. Mnyama halazimishwi kulala chali wakati anahema kwa shida. Kabla hatujawa na proubi hii tulikuwa tunaihamisha mashine kubwa kutoka chumba hiki hadi kile, huku mbwa anazidi kupauka fizi. Sasa naichomoa mfukoni mwa aproni.

Angalizo dogo hapo: wengi hupulizia spiriti badala ya jeli ili kuokoa muda. Someni kijitabu cha mtengenezaji kwanza. Vichwa vingi vya proubi havipatani na spiriti, uso wake unaliwa polepole, na proubi iliyoliwa inatoa picha yenye michirizi ambayo mtu anaweza kuihesabu kuwa ya mgonjwa.

Sasa tuje kwenye uongo wa picha. Mashine yoyote ya ultrasaundi, kubwa kwa ndogo, inafanya kazi kwa kuamini mambo fulani bila kuyahakiki. Inaamini sauti inasafiri mwilini kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde popote pale. Inaamini sauti imekwenda kwa mstari ulionyooka. Inaamini imegonga kitu mara moja tu na kurudi. Mwili wa mnyama haukutia saini makubaliano hayo. Sauti ikipita kwenye mafuta inapunguza kasi, ikipita pembeni mwa kitu cha mviringo inapinda, ikikutana na hewa ya mapafu inarudishwa karibu yote. Mashine haijui lolote kati ya hayo, inachora tu kana kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu ni wa ini la pili. Aliletwa paka aliyeanguka kutoka ghorofani, anahema haraka. Daktari wa zamu akaweka proubi chini ya mbavu. Kwenye skrini ini lilionekana mahali pake, kisha mstari mweupe wa kiwambo, kisha, upande wa pili wa mstari ule, ini tena! Ndani ya kifua. Paka akianguka kutoka juu kiwambo kinaweza kuchanika kweli na ini likapanda kifuani, kwa hiyo wazo la upasuaji likaanza kutajwa pale pale. Lakini kiwambo kikiwa kimepakana na mapafu yenye hewa kinairudisha sauti kama kioo. Sauti inagonga kiwambo, inaruka kwenye ini, inarudi tena kwenye kiwambo, ndipo inafika kwa proubi ikiwa imechelewa. Mashine inaona ucheleweshaji ule, inadhani kitu kiko mbali zaidi, na inachora ini la pili upande usiokuwa na ini. Daktari mkuu aliomba jambo moja tu: eksirei ya kifua. Kiwambo kilikuwa kizima. Mapafu yalikuwa yamechubuka, na matibabu ya mapafu yaliyochubuka ni oksijeni na utulivu, wala si kisu.

Kwenye kibofu cha mkojo uongo ni mwingi hadi nimezoea. Pembeni mwa kibofu, pale ukuta unapojikunja, sauti inapinda na kuacha ufa mweusi. Ukikutana na ufa huo kwa mbwa aliyegongwa, mwenye maji tumboni, ni rahisi mno kutamka kwamba kibofu kimepasuka. Kuthibitisha wala si kazi ngumu: yanyonywe maji yale ya tumboni, yapimwe kreatinini (taka ambayo figo huitoa kwa mkojo), yalinganishwe na ya damu. Yakiwa juu mbali kuliko damu, ni mkojo. Halafu kuna matope ya uongo. Mwali wa sauti una unene, na sehemu ya unene huo ikigusa ukuta mashine inaichora ndani ya mkojo, unaona kama tope limetulia chini. Tope la kweli linashuka kufuata dunia ilipo. Mgeuze mnyama ubavu mwingine. Tope la kweli litahama likalale upande mpya wa chini; la uongo halijali mnyama kalala vipi.

Kuhusu kugeuza mnyama, hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndipo kifaa hiki kinapotuharibia. Alikuja mbwa jike wa makamo mwenye damu kwenye mkojo. Proubi ikawekwa, na kwenye skrini ukatokea mstari wa upinde mweupe kabisa chini ya kibofu, na kivuli nyuma yake. Jiwe, akasema daktari, akaanza kupima urefu wake kwa vialama vya programu. Nikiwa nimemshika yule mbwa kwa chali, niliona proubi imeinamia upande wa mkia, na kile kivuli hakikuwa cheusi safi, kilikuwa kichafu, kina kijivukijivu ndani yake. Kivuli cha jiwe kwa kawaida ni cheusi na kina kingo zilizonyooka. Kichafu mara nyingi ni cha hewa. Nikauliza kama nimsimamishe. Akasimama, proubi ikaingia kwa chini. Jiwe lilitakiwa lidondoke liende kwenye ukuta wa chini wa kibofu. Halikudondoka, kwa sababu halikuwa ndani ya kibofu. Lilikuwa utumbo mpana uliojaa kinyesi na gesi, umejiegemeza kwenye kibofu kwa nje. Mkojo wake ulipopimwa ulikuwa na bakteria.

Kwenye mashine kubwa kosa hilo linawezekana pia, lakini kuna sababu linatokea zaidi na hii ndogo. Skrini ya simu inaonyesha kipande chembamba, na mtu ameishika simu kwa mkono mmoja na proubi kwa mwingine, hana mkono wa kumsaidia kugeuza, na anaona aibu kumsumbua msaidizi. Anapiga picha ya upande mmoja, basi. Kila kitu kinachotiliwa shaka kinatakiwa kionekane kwa pande mbili, urefu na upana. Jiwe linabaki jiwe kwa pande zote. Utumbo ukigeuza proubi unarefuka ukawa bomba.

Nimeyataja hayo ya jiwe pia kwa sababu yana matokeo. Mbwa anayedhaniwa ana jiwe anaweza kupewa chakula maalumu cha kuyeyusha mawe ya struviti kwa wiki kadhaa, huku maambukizi yake yakiendelea. Eksirei ingesaidia kwa sehemu: mawe ya struviti na ya kalsiamu oksaleti huonekana kwenye eksirei, ya urati na sistini mara nyingi hayaonekani. Ndiyo maana vipimo hivi viwili havichukuliani nafasi.

Sasa bandama. Hili ndilo lililonifanya niishushe proubi hii hadi nyota moja kwa upande wa kutaja ugonjwa.

Ukishakuwa na kifaa mfukoni, kila mnyama anapimwa. Mbwa mzee dume, mkubwa, mwenye masharubu meupe, aliletwa kwa chanjo. Hakuwa na malalamiko yoyote, anakula, anatembea, anakojolea miguu ya meza kama kawaida yake. Daktari aliyekuwa ametushikia zamu siku hiyo akasema ngoja tumwangalie haraka kwa kuwa yuko hapa. Kwenye bandama akakuta uvimbe wa mviringo, una mabaka meusi na meupe, umesukuma ukingo wa bandama ukatoka nje. Akamgeukia mwenye mbwa, mama mmoja aliyekuwa amekaa na mkoba magotini, akamwambia kwa sauti ya upole: "Mama, pole sana, hii ni hemanjiosakoma." Akamweleza kwamba ni saratani ya mishipa ya damu, kwamba inapasuka ghafla na mbwa anamwaga damu ndani. Yote aliyoyasema kuhusu hemanjiosakoma ni kweli. Mama akauliza kama ni vyema ampumzishe leo leo, kabla haijapasuka. Mimi nilikuwa bado nimekishika kichwa cha mbwa, naye ananilamba jeli mkononi.

Picha ile haikudanganya. Uvimbe ulikuwepo, mabaka yalikuwepo. Ila ultrasaundi haiwezi kutenganisha hemanjiosakoma na donge la damu iliyovuja ndani ya bandama, wala na ule uotaji usio wa saratani ambao mbwa wazee hupata kwa wingi. Vyote vitatu huweza kuonekana vilevile, vya mviringo, vyenye mabaka, vikubwa au vidogo. Hata sindano nyembamba ya kunyonya seli mara nyingi inarudi na damu tupu. Jibu la uhakika lipo kwa mtaalamu wa patholojia, baada ya bandama kutolewa na kukatwa vipande chini ya hadubini.

Daktari mkuu aliitwa. Alimwomba yule mama asiamue lolote siku ile. Mbwa alipimwa upya kwa mashine kubwa, tumbo zima na moyo, hasa chumba cha juu cha kulia ambako saratani hiyo hupenda kukaa. Eksirei ya kifua ikapigwa. Damu ikapimwa. Hakukuwa na maji tumboni wala vidonda vingine. Akafanyiwa upasuaji, bandama ikatolewa, ikapelekwa. Majibu: donge la damu ndani ya uotaji wa kawaida wa uzeeni. Mbwa yule bado anakuja kwa chanjo.

Nisieleweke vibaya. Yapo mengine tuliyoyaona madogo, ya upole, tukajipa moyo, patholojia ikarudi na saratani. Kwa hiyo kosa linakwenda pande zote mbili, na aliyeambiwa "ni donge la damu tu" kwa kuangalia skrini ya simu amedanganywa sawasawa na yule mama. Sentensi halali mbele ya picha ile ni moja: kuna uvimbe kwenye bandama, na vipimo vya kufuata ni hivi na hivi.

Bandama ina vituko vingine viwili vya haraka. Mbwa akichomwa asepromazini ili atulie, bandama inavimba kwa sababu ya dawa. Nimewahi kuandika kwa amri "bandama kubwa" dakika chache baada ya kuchoma sindano mwenyewe, nikauliza, ikafutwa. Na vinundu vyeupe sana karibu na mishipa ya bandama ya mbwa mzee mara nyingi ni mafuta yasiyo na madhara.

Upande wa pili wa makosa ni kutoona kilichopo. Paka mdogo, anatapika, hali chakula. Tumbo limejaa gesi, na gesi ni pazia: chochote nyuma yake hakionekani. Proubi ikapita, ikaandikwa "hakuna kitu kigeni". Mimi niliyekuwa nimemshika niliona anautoa ulimi na kuurudisha, anautoa na kuurudisha, na mate yamelowesha kidevu. Nikamwomba daktari amfungue mdomo. Uzi ulikuwa umejifunga kwenye shina la ulimi, umekaza unaelekea kooni. Kwenye mashine kubwa, baada ya kumpa dawa ya kumtuliza na kuisukuma gesi kwa upole, utumbo ulionekana umejikunja mikunjo mikunjo kuufuata uzi. (Mkiuona uzi wa namna hiyo, msiuvute. Unakata utumbo kutoka ndani.) Maneno sahihi kwenye karatasi ile yangekuwa "gesi nyingi, utumbo haukuonekana wote". Ila programu za simu zina orodha ya kuweka tiki, na kwenye orodha yetu palikuwa na "kawaida" na "si kawaida" tu. Hapakuwa na "sikuona". Hilo ni kosa la mtengenezaji, na nampa kwa mikono miwili.

Kongosho la paka pia liko hivyohivyo. Linaweza kuwa na uvimbe wa kuwaka moto huku skrini inaonyesha amani.

Mimba nitapita haraka. Kuanzia siku ya 25 hivi mapigo ya moyo ya vitoto vya mbwa yanaonekana, na proubi hii inayaonyesha vizuri, wenye mbwa hulia kwa furaha. Msiombe hesabu. Vitoto vinajificha nyuma ya vingine, kimoja kinahesabiwa mara mbili, kingine hakihesabiwi kabisa. Idadi inatafutwa kwa eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imeshakomaa. Aliyeambiwa wanne kwa ultrasaundi akaona wanne wamezaliwa anakwenda kulala, na wa tano bado yumo.

Kitu kingine kinachohusu simu yenyewe: mwangaza. Simu nyingi hujipunguzia mwangaza chumba kikiwa na giza, na chumba cha ultrasaundi ni cha giza. Daktari anaona picha imefifia, anaongeza geini, ile ya kukuza mwangwi unaorudi. Ini linakuwa jeupe. Ini jeupe linaandikwa "ini lenye mafuta". Kwenye mbwa mzima, ukivilinganisha kwa kina kilekile, bandama ndiyo nyeupe zaidi, ini linafuata, gamba la figo ndilo jeusi kuliko vyote au linakaribiana na ini. Ukiangalia mpangilio huo hudanganywi na geini kirahisi, kwa sababu geini inavipandisha vyote pamoja. Zima ule mwangaza wa kujirekebisha kabla hujaanza. Zima na ujumbe wa simu, maana nimeona kikundi cha harusi kikitokea juu ya figo.

Geini ikiwa chini sana nayo ina yake: uvimbe mdogo ndani ya kibofu unazama kwenye weusi.

Kuna kosa jingine lisilotokana na sauti wala skrini. Daktari akishapata jibu moja, mkono unalegea. Amekuta mawe kwenye nyongo, basi tezi za adrenali, zile ndogo za karibu na figo, haziangaliwi. Na kama mwenye mnyama aliingia akisema "mbwa wa jirani alikuwa na figo", figo ndizo zitakazotazamwa kwa muda mrefu. Dawa ya hili ni utaratibu usiobadilika: kila kiungo, kila mara, kwa mpangilio uleule, hata ukishapata ulichokitafuta. Mwaka 2022 American College of Veterinary Radiology na European College of Veterinary Diagnostic Imaging, vyama vya madaktari bingwa wa picha za wanyama, walitoa makubaliano ya pamoja juu ya uchunguzi kamili wa tumbo: viungo gani viangaliwe na picha gani zihifadhiwe. Daktari mkuu aliyageuza kuwa orodha ukutani, juu ya meza ya kupimia. Sasa kazi yangu nyingine ni kuisoma kwa sauti. Anayetumia proubi ya simu kwa dakika tatu hajafanya uchunguzi kamili, na risiti isiandikwe kuwa ni uchunguzi kamili. Iandikwe "skani ya dharura".

Unyoaji nao. Wateja wengine hawataki mbwa anyolewe tumbo, na kwa kuwa proubi ni ndogo wanadhani haina haja. Hewa inabaki kati ya nywele, na mnajua sasa hewa inafanya nini. Kwa dharura ya kutafuta maji tunavumilia. Kwa uchunguzi kamili nanyoa, nafuta kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, napaka jeli, nasubiri kidogo ilowe. Mnyama awe hajala kwa saa nane hadi kumi na mbili kama daktari ameruhusu, na asikojoe kabla ya kuingia. Tumbo lililojaa chakula limewahi kuitwa uvimbe wa ini mbele yangu.

Kutuma picha kwa mtaalamu wa mbali ni wazo zuri, na programu zote mbili zinaruhusu. Tatizo ni kwamba anayechagua picha za kutuma ndiye yuleyule aliyekosea mwanzo. Akituma picha tatu za "jiwe", mtaalamu ataona jiwe. Tumeni video, si picha mgando, proubi ikipita kiungo chote kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwandike mnyama alikuwa amelala vipi. Hapa chapa zinatofautiana sana: moja yetu inarekodi sekunde chache mno, nyingine inakuachia urekodi hadi uchoke.

Nani ainunue? Kliniki yenye wagonjwa wa dharura, na daktari anayetembelea wanyama majumbani, mradi kuna mahali pa kumpeleka mnyama kwa mashine kubwa baadaye. Kliniki inayotaka iwe ultrasaundi yake pekee, hapana. Mwenye mbwa anayefikiria kujinunulia, kwa sababu nimeulizwa hilo, hapana pia.

Kabla ya kulipa, ombeni muachiwe mjaribu. Muuzaji huja na mbwa wake wa maonyesho, mwembamba, amenyolewa, ameshazoea kulala chali, na kwa mbwa huyo kila mashine inapendeza. Mleteeni paka mnene wa kliniki, aliyekula asubuhi, mumwambie awaonyeshe tezi ya adrenali ya kushoto.